Gauni la Daktari, Cherehani ya Kibera

Hospitali ya Mbagathi iko ukingoni mwa mtaa wa Kibera, Nairobi, na mgonjwa wa Laini Saba hufika huko kwa miguu. Ilijengwa miaka ya 1950 kuwa hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, na wakazi wa zamani waliijua kwa herufi tatu tu: IDH. Wenye kifua kikuu, surua, homa ya uti wa mgongo na ukoma walipelekwa huko, mbali kidogo na wodi kuu za King George, ambayo leo ni Hospitali Kuu ya Kenyatta. Kabla Kenya haijatangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, tarehe 13 Machi 2020, serikali ilikuwa imerudi palepale na kuandaa kitengo cha kuwatenga wagonjwa chenye vitanda 120. Jengo lilikuwepo, na wauguzi walikuwepo. Nguo ya kinga ndiyo iliyozua maswali, na maswali hayo yalikuwa ya zamani kuliko jengo lenyewe.

Mwaka 1902, Nairobi ikiwa bado kambi ya reli iliyojaa matope, tauni iliingia kwenye soko la Wahindi na daktari wa serikali akaamuru soko zima lichomwe moto. Miaka michache baadaye askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles walipewa makao katika msitu uliokuwa nje ya mji, ndio Kibera ya leo. Hospitali ya Wenyeji, iliyofunguliwa mwaka 1901, ilikuwa ndogo, na waliohudumu ndani yake walivaa pamba: koti la pamba, aproni ya pamba, kitambaa cha pamba kichwani. Dunia nzima ilikuwa hivyo. Daktari Wu Lien-teh alipopambana na tauni ya mapafu huko Manchuria mwaka 1910 na 1911, barakoa aliyowavalisha watu wake ilikuwa pamba iliyofungwa kwa tabaka za shashi. Kila mtu aliamini kwamba kitambaa safi kilichochemshwa kinatosha.

Imani hiyo ilidumu hadi mwaka 1952. Ni mwaka uleule ambao ile Hospitali ya Wenyeji ilipewa jina la King George VI na gavana akatangaza hali ya hatari, kwa hiyo sidhani kama kuna mtu Nairobi aliyekuwa na nafasi ya kusoma majarida ya upasuaji. Huko Marekani, daktari William Beck na mwenzake Collette walichapisha makala ambayo kichwa chake tu kilikuwa shutuma: waliliita gauni la daktari mpasuaji imani ya uongo. Walichoonyesha ni kwamba pamba ya kawaida ikiwa kavu huzuia kiasi fulani, lakini ikilowa damu au maji, vijidudu hupita nayo kutoka upande mmoja hadi mwingine, ndani ya dakika chache. Gauni lilikuwa limechemshwa, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri, na halikuwa kinga.

Sababu iko kwenye ufumaji wenyewe. Chukua kipande cha khanga au shuka la hospitali ukiinue kuelekea dirishani. Utaona nyuzi za urefu zikipishana na nyuzi za upana, moja juu, moja chini, na kila zinapopishana pameachwa tundu. Kwenye pamba ya kawaida ya hospitali tundu hilo lina upana wa mikroni 80 hadi 100 hivi, na vipande vya ngozi vinavyobanduka mwilini mwetu kila dakika, vikiwa vimebeba bakteria, ni vidogo kuliko hapo. Ufumaji wa mshazari, ule wa dangirizi, hubana nyuzi zaidi na kitambaa kikawa kizito. Kilichosokotwa kwa vitanzi, kama fulana, huvutika, na kila kikivutika kwenye kiwiko au goti vitanzi hufunguka. Kisha kuna tabia ya pamba yenyewe ya kupenda maji. Uzi wake huyanyonya na kuyatembeza. Mpasuaji akiegemea meza, tumbo lake likagusa shuka lililolowa, uzito wa mwili unayasukuma maji kwenye tundu, na uzi unayavuta. Njia imepatikana.

Waingereza walikuwa wamegusa jibu moja wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wakitafuta suti ya kumwokoa rubani aliyeangukia bahari baridi. Taasisi ya Shirley mjini Manchester ilifuma kitambaa kiitwacho Ventile kwa pamba ya nyuzi ndefu, kwa msongamano mkubwa sana, bila mpira wala plastiki. Kikilowa, nyuzi hufura na kuziba matundu zenyewe. Baadaye kilishonewa magauni ya upasuaji. Ni jibu ninalolipenda kwa werevu wake, lakini lilikuwa ghali, na Afrika Mashariki iliyokuwa ikishonewa magauni kwenye chumba cha ushonaji cha hospitali, kwa jora lolote lililotolewa na stoo, haikulionja kwa wingi.

Jibu lililoshinda halikufumwa kabisa. Mwaka 1954 Van Wente, aliyekuwa kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani, alichapisha njia ya kuyeyusha plastiki na kuipuliza kwa hewa ya moto hadi ikawa nyuzi nyembamba mno, za mikroni chache tu, zikitua moja juu ya nyingine bila mpangilio. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko uzi huo mara kumi na zaidi. Hakuna tundu lililonyooka. Chembe inayoingia inalazimika kupinda, na ikipinda inagonga uzi na kunasa. Miaka ya 1970 kampuni ya Kimberly-Clark iliweka utando huo dhaifu katikati ya tabaka mbili ngumu za polipropilini, moja juu na moja chini, na hiyo ndiyo nguo ya tabaka tatu inayoshonewa magauni na barakoa za hospitali hadi leo. Baadaye utando wa kati ukatiwa chaji ya umeme tuli, ili uvute chembe hata zile ambazo zingepita bila kugonga chochote. Peter Tsai wa Chuo Kikuu cha Tennessee ni mmoja wa waliofanikisha hilo. Na chaji hiyo hutoweka kwa sabuni au spiriti, jambo ambalo Nairobi ingelijua kwa uchungu miaka mingi baadaye, watu walipoanza kufua barakoa za duka la dawa na kuzianika kambani.

Wakati huo magonjwa yalikuwa yakitoa masomo yake hapahapa. Januari 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya, na ambaye alikuwa ametembelea pango la Kitum, mlima Elgon, aliletwa Nairobi Hospital akitapika damu. Daktari Shem Musoke alimhudumia, damu ikamrukia, na siku chache baadaye yeye mwenyewe alikuwa mahututi. Ulikuwa ugonjwa wa Marburg. Musoke alipona. Miaka 20 baadaye, huko Gulu, Uganda, Ebola iliingia, na kati ya watu 425 waliougua, 224 walikufa. Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, ambaye ndiye aliyeutambua ugonjwa huo mapema, aliitwa usiku kumshika muuguzi aliyekuwa akivuja damu. Alivaa barakoa, kofia, gauni na glavu. Hakuvaa miwani ya kinga. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Wengi hukisimulia kisa hicho kama kisa cha ushujaa, na ni haki yake, lakini fundi wa nguo akisikia habari hiyo atauliza swali jingine: je, mavazi yalifunika wapi na yakaishia wapi?

Swali hilo ndilo wataalamu wa viwango walilokuwa wakiligeuza kuwa namba. Mwaka 2003 Wamarekani walitoa kiwango kinachoyapanga magauni kwa ngazi nne. Kipimo chake kimoja ningependa kila karani wa stoo ya hospitali akione kwa macho. Kitambaa hubanwa kwenye mdomo wa chombo, maji yakapandishwa yakikisukuma, taratibu, sentimita kwa sentimita, huku mtu akiangalia upande wa pili. Matone yakitokea mahali patatu tofauti, kipimo kimekwisha, urefu wa maji unaandikwa. Ngazi ya pili inadai sentimita 20. Ya tatu, sentimita 50. Ya nne haijali sentimita tena: hapo kitambaa hujaribiwa kwa kirusi kidogo kisichodhuru watu, kikisukumwa kwa shinikizo, na kirusi hata kimoja kikipita, kitambaa kimeanguka. Na si kitambaa pekee kinachojaribiwa. Mshono pia, kwa sababu sindano inapopita inaacha tundu, na hakuna mtengenezaji awezaye kudai kwamba gauni ni imara kuliko mstari wa matundu aliouchoma mwenyewe. Ndiyo maana ovaroli za Ebola huzibwa mishono kwa utepe unaoyeyushwa juu yake, au huunganishwa kwa joto bila sindano.

Kila hatua hiyo ina gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti: joto. Kitambaa kisichopitisha maji mara nyingi hakipitishi jasho pia. Wahudumu wa Kenya waliokwenda Liberia na Sierra Leone mwanzoni mwa 2015 kusaidia dhidi ya Ebola walikuta kwamba ndani ya ovaroli mtu huweza kufanya kazi saa moja hivi, pengine pungufu, kisha anatolewa akiwa amelowa. Sasa leta ovaroli hiyo kwenye zahanati ya mabati ya Gatwekera, ndani ya Kibera, saa nane mchana. Muuguzi atafungua zipu. Nguo ambayo mtu hawezi kuivumilia haimlindi, hata iwe na cheti gani.

Kati ya hayo yote kulikuwa na jambo dogo la sokoni ambalo hakuna aliyelihusisha na hospitali. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Wiki chache tu baadaye maduka na vibanda vilijaa mifuko myepesi ya rangi, iliyofanana na kitambaa lakini haikufumwa. Ilikuwa polipropilini ya nyuzi zilizounganishwa kwa joto, ndugu wa damu wa tabaka la nje la gauni la hospitali. Machi 2019 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitangaza kuipiga marufuku hiyo nayo, kwa kuwa mingi ilikuwa hafifu na ilichanika upesi, lakini biashara haikufa. Kwa hiyo korona ilipofika, mafundi wa mitaa ya Kibera na Kawangware walikuwa tayari wanaijua ile nguo kwa vidole: kwamba haichuji rangi, kwamba haihitaji ovaloki kwani ukingo wake haufumuki, na kwamba pasi ya moto huitoboa mara moja.

Mwanzoni mwa Aprili 2020 serikali iliamuru kila mtu avae barakoa hadharani, na adhabu iliyotangazwa ilikuwa faini ya shilingi 20,000 au kifungo cha miezi 6. Barakoa za duka la dawa zilikuwa zimeadimika na bei imepaa. Dunia nzima iligombania utando ule wa kati, na huko China bei yake kwa tani ilipanda zaidi ya mara kumi. Katika mitaa ambayo mtu anayepata shilingi 400 kwa siku anajihesabu mwenye bahati, faini ya 20,000 haikuwa adhabu, ilikuwa dhihaka. Cherehani zikaanza kulia kuanzia Makina, Kibera, hadi stegi ya 46, Kawangware.

David Avido, mbunifu wa mavazi aliyekulia Kibera, alikusanya vipande vilivyobaki kwenye karakana yake, akashona barakoa kwa maelfu na kuzigawa bure kwa majirani. Huko Kitui, kiwanda cha nguo cha kaunti, KICOTEC, kiliacha sare na kuanza kushona barakoa za kihospitali, makumi ya maelfu kwa siku. Rivatex ya Eldoret, iliyofufuliwa na Chuo Kikuu cha Moi na kuzinduliwa upya Juni 2019, nayo iliingia. Hao ni wale walioandikwa magazetini. Wengi zaidi ni mafundi wa kibanda kimoja na cherehani moja, ambao shule zilipofungwa walipoteza sare, makanisa yalipofungwa wakapoteza magauni ya harusi, na tangu Aprili mosi mitumba mipya haikuingia nchini, kwa hiyo hata kazi ya kupunguza suruali za soko la Toi ikawa haba. Barakoa ya shilingi 50 iliwalisha.

Walishona kwa kilichokuwepo. Kitenge kilitangulia kwa sababu ya rangi. Kipya kina wanga unaokifanya kionekane kizito na kuzuia tone la maji kwa muda, kisha wanga huo unaoshwa na kitambaa kinalegea. Wengine walitumia kitambaa cha sare za shule, chenye mchanganyiko wa poliesta na kilichofumwa kwa kubana. Hicho, kwa maoni yangu, kilikuwa bora kuliko vingi vilivyouzwa madukani kwa bei ya juu. Wengine walitumia fulana za mitumba, ambazo ni laini usoni na hafifu kwa kazi. Na wapo waliokata mifuko ya dukani, au kile kitambaa kigumu kinachowekwa ndani ya kola, wakakifanya tabaka la katikati.

Namna walivyopima ilikuwa ya kwao. Fundi alikinga kitambaa kiganjani kikawa na kibonde, akamwagia maji kidogo, akaangalia chini. Tone likijitokeza upesi, aliongeza tabaka au akabadilisha jora. Wengine walipuliza kiberiti wakiwa wamevaa barakoa, jaribio lililosambaa kwenye WhatsApp: moto ukizimika, kitambaa ni chepesi mno. Mtaalamu wa maabara angecheka jaribio la kiberiti, lakini lile la maji ni ndugu wa kile kipimo cha sentimita, bila rula. Watu hawa hawakuwa wamesoma kiwango chochote. Walikuwa wamefika kwenye swali lenyewe.

Sheria ilitangulia ushauri. Shirika la Afya Duniani lilishauri umma uvae barakoa za kitambaa tarehe 5 Juni 2020, miezi miwili baada ya amri ya Nairobi, na hapo ndipo lilipotaja tabaka tatu: la ndani lenye kunyonya, kama pamba, la kati lisilofumwa, kama polipropilini, la nje lisilonyonya, kama poliesta au mchanganyiko wake. Yaani mpangilio uleule ambao baadhi ya vibanda vya Kawangware vilikuwa vimeuotea, japo mara nyingi kinyumenyume, poliesta ikiwa puani na pamba ikiwa nje. Watafiti wa Chicago walikuwa wamechapisha mwezi Aprili kwamba tabaka za nyenzo tofauti hushinda tabaka za nyenzo moja, na kwamba mwanya pembeni ya shavu unaweza kushusha uwezo wa barakoa kwa zaidi ya asilimia 60. Kwa hiyo lastiki ya shilingi chache ilikuwa na neno kubwa kuliko jora la bei. Hata mchoro ulikuwa na kasoro yake: barakoa nyingi za mtaani zilishonwa kwa vipande viwili vilivyokutana katikati ya pua na mdomo, na mstari wa matundu ya sindano ukakaa palepale pumzi inapopiga. Zile za kukunjwa mikunjo mitatu, zenye mshono pembeni tu, zilikuwa salama zaidi, na zilikula kitambaa kingi.

Lakini barakoa ya mpita njia si gauni la muuguzi, na hapa ndipo mambo yaliharibika. Shirika la ununuzi wa dawa la serikali, KEMSA, lilinunua vifaa vya kinga kwa haraka na kwa bei iliyowashangaza hata wauzaji. Ripoti maalumu ya Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu, Septemba 2020, ilichunguza ununuzi wa shilingi bilioni 7.8 na kukuta sheria zimekiukwa na bidhaa za mabilioni zimekwama ghalani, kwa kuwa zilinunuliwa ghali kuliko bei ya soko. Mjadala wa Seneti ulikuwa wa fedha, na ulistahili. Kilichonikera ni jinsi neno lenyewe lilivyokuwa "seti". Seti ngapi, shilingi ngapi kwa seti. Kwenye mabishano yote yale niliyofuatilia, sikusikia seneta akiuliza kitambaa kina tabaka ngapi, kinahimili sentimita ngapi za maji, mishono imezibwa au imeshonwa tu. Mama wa Kawangware anayenunua shuka hukivuta kitambaa, hukiinua kwenye mwanga na kukisugua. Nchi nzima ilinunua bila kukisugua.

Wauguzi walilalamika, vyama vyao vikatoa matangazo. Tarehe 10 Julai 2020 Kenya ilimpoteza daktari wake wa kwanza kwa korona, Doreen Adisa Lugaliki. Desemba wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma, na siku ya 21 madaktari wakawafuata, vifaa bora vya kinga vikiwa miongoni mwa madai. Kibera na Kawangware, wahudumu wa afya wa jamii waliendelea kugonga milango wakiwa na barakoa za kitambaa, wakiwashawishi watu waliokuwa wakikwepa vipimo kwa kuogopa kupelekwa karantini kwa gharama zao wenyewe.

Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, mafundi walirudi kwenye sare, sasa wakikata barakoa mbili kutoka kwenye masalio ya kila kaptula. Barakoa za China zilikuwa zimeshuka hadi shilingi 10, na soko la kitambaa likafa bila matanga. Tarehe 11 Machi 2022 waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, aliondoa amri ya kuvaa barakoa hadharani. Septemba mwaka huohuo Ebola iliibuka Mubende, Uganda, na kabla haijatangazwa kwisha Januari 2023, wahudumu 19 wa afya walikuwa wameambukizwa na 7 wamekufa. Kaunti za mpakani mwa Kenya ziliwekwa katika tahadhari, na stoo zikafunguliwa kuhesabu ovaroli: kwa seti.